Mama Sekela, Haukuwa Ulanzi

Mama Sekela, mke wangu,

Wote wanaisimulia vibaya. Huku Mbeya wanasema ulanzi, ile pombe ya mianzi ya kwenu Iringa, ndiyo ilikuwa inakuangusha. Kwenu wanasema ulirogwa huku kwetu. Waongo wote. Mimi ndiye nilikuwa nakudaka, na nchi hii hakuna mwanamume anadaka mke kama mimi. Hata ukianguka na ndoo nadaka vyote viwili, maji hayamwagiki.

Ukilala, mzima. Ukikaa, afadhali. Ukisimama tu, moyo unakimbia kama umefukuzwa, macho giza, chini. Ndiyo hivyo. Kwani ni ngumu kuelewa?

Yule daktari wa kule Iringa alikulaza kitandani, akasikiliza kifua, akasema, "Mama, wewe mzima kabisa." Nikamwambia, basi msimamishe uone. Akasema nisimfundishe kazi. Wewe ukacheka hapo hapo umelala. Tukarudi na basi, mikono mitupu.

Na ndugu zako je? Mnapiga magoti kusalimia wakubwa, wenzako wameshainuka, wewe bado uko chini, "kamwene" ya tatu. Wakakusifu: huyu ana adabu, hata Mbeya hawajamharibu. Kumbe unaogopa kuinuka! Halafu kanisani huku watu wamesimama wanaimba, wewe umekaa. Wakasema Mhehe ana maringo. Ugonjwa ni ule ule. Tulicheka wewe na mimi mpaka ukashika ubavu.

Na chumvi. Ulikuwa unailamba kiganjani, unasema inakusimamisha. Nikakuita ng'ombe wangu wa Usangu. Ukanijibu, "Ng'ombe wa Usangu ana mchungaji. Mimi nina mpiga domo."

Homa ilikuchukua siku nne. Ilikuwa homa, na ulikuwa umelala. Hilo nalo wanalikosea.

Sasa hakuna kitu. Nakula. Naenda kisomo cha watu wazima, mimi wa kwanza darasani, usibishe, hii naandika kwa mkono wangu. Sijalia. Sekela anakuja na mtoto mgongoni, ananiangalia kama mimi ndiye mgonjwa. Jana kikombe kilidondoka mezani. Nilikuwa karibu. Nikakiangalia tu mpaka kikafika chini. Sekela akasema, "Baba." Nikasema, ndiyo.

Msibani niliwasimulia. Niliwaambia nilikuamini tangu siku ya kwanza, ile ulipoanguka sokoni Mwanjelwa katikati ya viazi. Niliwaambia nilikubeba mgongoni mpaka nyumbani, nikimtukana kila aliyesema umelewa. Wanawake walilia. Hata wale walioniona muongo siku zote walilia.

Basi, Mama Sekela. Pumzika, huko hakuna wa kukuambia simama. Mimi naahidi kitu kimoja: mtu akitaja ulanzi mbele yangu, namkatisha hapo hapo, hata awe mzee wa kanisa. Namweleza mwanzo mpaka mwisho, mpaka aelewe.

Ila lile la Mwanjelwa nililitunga. Sikukubeba. Uliinuka mwenyewe, ukajifuta udongo, unanitafuta kwa macho. Nilikuwa nyuma ya watu. Mmoja alisema, "Ulanzi huo," na mimi nikacheka nao.

Mumeo