Kamba Iliyovuta Fuso

Baba Neema mpenzi,

Hamjambo huko Mbeya? Hii picha ya mashamba ya chai kwenye kadi isikudanganye. Hapa Nyololo ni ukungu na tope, na mkeo amevimba kwa hasira.

Leo nilikuwa nipogoe mkaratusi ulioinamia paa la gesti. Nikaacha kamba yangu ya kupandia barazani, nikaenda kunywa chai na mihogo. Narudi, nakuta mwenye gesti ameifunga kwenye Fuso lake lililozama kwenye tope, trekta inavuta! Kamba inayobeba roho yangu!

Akanirudishia imejaa grisi. "Imevuta Fuso, itashindwa kukubeba wewe?" Watu wakacheka.

Nikaitupa juu ya tawi la chini kabisa niijaribu, nikaizungushia kamba yangu ndogo kwa lile fundo linaloing'ata kamba kubwa nisiporomoke. Nikaning'inia, miguu ikikaribia kugusa chini. Fundo halikung'ata hata kidogo, maana kamba imevutika mpaka imekonda, na grisi juu yake. Nikadondokea makalio kwenye tope. Wakacheka tena! Hebu fikiria ningekuwa kileleni.

Nikachukua panga, nikaikatakata mbele yao. Mwenye gesti akapiga kelele, "Mama, unaharibu kamba nzima!"

Nikamwambia, "Kamba nzima utaipata dukani. Mama Neema mzima utampata duka gani?"

Hapo hakucheka mtu.

Nibusie Neema. Mwambie mama yake ni mzima, ana tope tu.

Mama Neema wako