Wametuamini Tuliposema Hatujui Kitu

Klaten, Java ya Kati
9 Machi 2023

Mpendwa mwanangu Endah,

Pokea salamu zangu na za mama yako mkubwa. U hali gani huko Batam? Je, kile kikohozi kimekwisha? Sisi tunaamka salama, ila goti langu limekuwa kaidi kwa mvua hizi.

Nakuandikia kwa kuwa kazi yako ni kuajiri watu kiwandani, nami nimechanganyikiwa.

Mjukuu wangu Wening aliomba kazi ya kusimamia jiko la hospitali moja huko Semarang. Nilimwongoza kuandika barua ya maombi kwa adabu zetu: ujuzi wake ni haba, bado anajifunza, anaomba radhi kwa kuwasumbua wakubwa. Haikuwa na kosa hata moja. Juzi akapigiwa simu na msichana wa ofisini.

"Dada, umeandika mwenyewe kwamba hujui kitu. Basi sisi tumekuamini!"

Sielewi hadi sasa. Mgeni akija kwetu tunamwambia chai yetu haina ladha, naye anajua kuwa inayo. Kwani watu wa Semarang si Wajava wenzetu?

Msichana yule, Mungu ambariki, amemruhusu apeleke barua nyingine kabla ya Jumatatu. Wening ameiandika peke yake. Inaanza moja kwa moja na Merapi: mlima ulipotema majivu, yeye ndiye aliyeongoza jiko la wakimbizi, akapanga zamu za akina mama, na watoto waliokuwa wakiharisha akawapikia uji wao kando. Mimi nilidhani alikuwa akimenya vitunguu.

"Babu, nimejisifu?"

"Umejivua nguo," nikamjibu.

Mama yako mkubwa akadakia kutoka jikoni, "Mwache mtoto! Akijifunika adabu zako zote, nani atamwona?"

Je, kusema kweli juu ya nafsi yako si majivuno? Ninyi mnaozisoma barua hizi mnatafuta nini ndani yake? Hakutaka kuituma bila baraka yangu, na jibu lako lisingewahi. Jana nilimpa, ingawa bado sijaelewa. Kwanza nilimwomba anisomee tena. Akadhani natafuta makosa. Sikuwa nikitafuta makosa.

Nisalimie mumeo Hendri na mwanao Galih. Mungu aijaze nyumba yenu riziki na utulivu.

Niwie radhi kwa barua hii isiyo na maana yoyote. Lakini wewe, tafadhali, usiniamini.

Wako akupendaye,
Baba yako mkubwa,
Sudarmaji