Maputo ya Harusi Yanayoshuka Barumbu

Papa mpendwa,

Kabla hata sijakuuliza habari za mgongo wako, nina jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote. Nimesema uongo, na uongo huo sasa unatembea Kisangani nzima.

Nisamehe, nikusalimu vizuri. Mgongo umepoa? Mama na wadogo wamelalaje? Mimi ni mzima, ila usingizi sina.

Unajua tangu nimalize shule namsaidia tante, mke wa mdogo wako tonton, kupamba harusi. Wateja wake wengi ni wafanyabiashara waliotoka Kivu. Siku hizi wanapenda kumalizia sherehe kwenye mchanga wa mto: maharusi na wageni wanapuliza maputo kwa midomo yao, kisha wanayaachilia majini yaende. Mimi ndiye ninayeyafunga utepe. Niliyaona mazuri mpaka ukanipa habari za kobe uliyempasua ukakuta mpira mwekundu tumboni, na bata wa mama aliyekufa na utepe kooni. Papa, utepe ule ni wetu.

Nilimwambia tante. Akajibu kwamba mto ni mkubwa, na mteja hupewa anachotaka.

Basi bibi harusi wa Jumamosi alikuja kuchagua rangi, tante akiwa sokoni. Akanitania: "Weye uko mutu wa muto. Kwenu munasemaka nini juu ya maputo?" Unanijua, hata darasani sikunyoosha mkono. Lakini nilisikia sauti yangu ikisema, "Kwetu, anayeachilia pumzi yake ishuke na mto, ndoa yake inaifuata."

Aliurudisha utepe mezani. Akafuta maputo yote, akawaonya rafiki zake, nao wakafuta.

Tante amewaka. Anasema akimjua mwenye maneno hayo, atampandisha boti ya kwanza arudi kwao. Tonton alicheka, akasema yeye hajawahi kuyasikia, "lakini mukubwa wangu anajua mambo ya wazee, nitamuuliza." Anashuka huko nyumbani Barumbu wiki ijayo. Ndiyo maana nimempa barua hii mama muuza samaki, ifike kabla yake.

Nisalimie mama, na koko, bibi yetu anayelea wadogo, na shangazi wa ng'ambo ya mto.

Papa, wewe unasoma Injili mbele ya watu, siwezi kukuomba useme uongo. Tonton akikuuliza, mtembeze kwanza kwenye mchanga wenu, aone mwenyewe kinachofika hapo. Ukimaliza, umjibu unavyoona. Ila kwamba maneno yalitoka kwangu, tafadhali, hilo libaki kwako peke yako. Hata mama asijue.

Mwanao,
Clémence