Mashine Yenye Macho Makavu

Pasiansi, Mwanza

Mama yangu,

Shikamoo. Natumaini viazi mmeshavuna, na baridi ya Njombe haijakurudishia maumivu ya mguu. Mimi ni mzima. Nakula, nalala, naenda kazini. Ukiniuliza zaidi ya hapo, sina la kuongeza.

Kwenye simu uliniuliza kama nitakuja tumwekee baba msalaba kaburini, nikakujibu mashine imeharibika. Mama, sikukudanganya.

Mashine yenyewe ni sanduku lililoinuliwa juu ya nguzo karibu na ziwa. Linatazama angani na kupima mvuke uliomo hewani kwa joto ambalo mvuke huo unalitoa. Lakini kwanza lazima ulionyeshe kitu cha joto unalolijua, na kingine cha baridi unayoijua, ndipo likadirie yaliyo katikati. Kwa baridi tunatumia naitrojeni iliyogeuzwa maji, ileile wanayohifadhia mbegu za madume ya ng'ombe. Tunaiomba kwa watu wa mifugo, ikibaki. Ndiyo maana Mzee Masanja, mwenye nyumba wangu, aliponiona na mtungi wa naitrojeni alifurahi sana.

“Daktari, ng'ombe wangu kule Magu yuko kwenye joto. Unakuja lini?”

Nikamwambia mimi ni mtu wa hali ya hewa.

“Sasa mtungi wa nini?”

Mpaka leo ananiita daktari.

Siku ile tuliyoionyesha mashine baridi hiyo, upepo wa ziwa ulileta unyevu ukatanda kwenye chombo cha naitrojeni, nasi hatukuuona. Tukaifundisha mashine baridi ya uongo. Tangu hapo kazi yake ikawa kusema hewa ni kavu. Kavu asubuhi, kavu jioni, na huku nguo zangu hazikauki kambani na chumvi imelowa koponi. Mkuu wangu akasema, “Hii mashine ina macho makavu. Inadanganya bila haya!”

Wenzangu wakacheka. Mimi nilimkumbuka shangazi siku tuliyomzika baba, nilipotupa udongo wangu nikarudi kusimama bila chozi. “Huyu mtoto ana macho makavu,” alisema. Nilimsikia, mama. Sikuumia hata kidogo, na hilo ndilo linaloniogopesha.

Juzi tulipata naitrojeni nyingine. Tukaanza asubuhi, upepo ukitoka nchi kavu, tukawa tunakifuta chombo kila mara. Tulipoiwasha, mashine ikasoma maji tele. Hewa haikuwa imebadilika. Maji yalikuwepo siku zote.

Basi sina tena kisingizio. Nimeomba ruhusa, nimepewa, nakuja. Huenda nisilie tena. Baba nampenda, ila sijui machozi yamekwama wapi.

Nisalimie mdogo wangu Atu, anayehangaika na ng'ombe wa baba, na mama mkubwa aliyelala nawe siku zote za msiba. Shangazi naye mpe shikamoo yangu. Mwambie yule mwenye macho makavu anakuja, amshike mkono pale kaburini.

Mwanao wa kwanza,
Edwini