Ulikuwa Umeshatoka Uwanjani

Baba Zuhura,

Assalaam aleikum huko uliko. Hapa Msambweni kumekucha na manyunyu, nami nimekaa kwenye kiti chako nyuma ya kaunta, mguu wa kulia nimeuegemeza juu ya ndoo ya rangi. Nimetoka eda. Nilidhani nikitoka tu nitakuja kwako moja kwa moja. Sijafika, ndiyo maana naandika.

Kaburi lako sijaliona. Wanaume walikuchukua, mimi nikabaki ndani na wanawake, kisha ikawa miezi minne na siku kumi. Eda haikunikataza kutembea uani. Ni mimi niliyelala. Uji nikinywea kitandani, maji ya kuoga yakipoa nikiyatazama. Niinuke niende wapi?

Siku ya kutoka Zuhura akaniambia, "Mama, panda bodaboda, mavani si mbali." Nikamwambia sipandi. Wewe unajua kwa nini. Duka hili sikulirithi kwa mtu. Nililipata kwa miguu, nikitembeza vitumbua beseni kichwani, jua na mvua, na wewe ukanikuta njiani nikiwa na beseni hilo hilo. Kilomita mbili kwangu zilikuwa si safari. Nikasema nitakwenda kwa miguu yangu, nitasimama nje ya ukuta wa mavani, nitakuombea dua, nitarudi.

Basi nikatoka kwa mwendo ule wa zamani, mwendo wa vitumbua visije vikapoa. Kufika darajani, macho yakaingia giza na msuli wa mguu ukakaza kama kamba ya kisima. Mama mmoja muuza mchicha ndiye aliyenidaka, la sivyo ningelala mtaroni.

Zahanati nikamkuta nesi, binti mdogo tu. Akanipima presha, akanikandakanda mguu, akasema, "Mama, miezi yote hiyo umelala, halafu unatoka mbio? Mwili umesahau. Anza na hapo karibu, urudi. Ukiona unatembea na huwezi kuzungumza, umezidisha, punguza. Kifua kikibana au kizunguzungu kikija, simama, keti, wala usione haya, na uje tukutazame. Ukizoea, ndipo uongeze kidogo."

Nikalia. Akadhani ni mguu.

Nilikuwa nalia kwa hasira, Baba Zuhura. Maneno yale yote ni ya dakika mbili. Yangekutosha. Nani alikwambia wewe?

Miaka kumi na minane ulikaa kwenye kiti hiki. Duka lilipokua tuliweka vijana wa kubeba saruji, nasi tukakaa. Kitambi chako tukakiita mtaji. Hukuwahi kukimbia hata kumfukuza kuku. Halafu Idi pili, mechi ya waliooa na wasiooa, ukaitoa jezi yako ya ujana. Mwezi mzima umefunga, tena jana yake tu umeanza kula mchana. Tumbo halikukuruhusu kuinama, nikakufunga kamba za viatu mimi, mafundo mawili mawili. Nikakwambia, "Si ukae golini leo?" Ukanicheka: "Winga hawekwi golini, Mama Zuhura." Hebu niambie: mteja angekuja na pikapu ya mifuko kumi, akataka umpakilie thelathini ati kwa sababu zamani alikuwa na lori, ungempakilia? Ungemfukuza. Lakini mwili wako mwenyewe uliupakia.

Na hilo silo linaloniua. Linaloniua ni kwamba ulikuwa umeshatoka.

Nilikuona. Nilikuwa nimesimama na wanawake upande wa goli la chini. Ulishika kifua, ukatoka taratibu, ukaketi nyasini, ukaomba maji. Mwili ulikwambia, ukausikia. Ningekurudisha nyumbani, tungekwenda hospitali, tungepata la kufanya. Halafu Bakari, rafiki yako muuza mbao, akapaza sauti: "Ameshachoka huyo! Mpelekeni akauze misumari!" Uwanja mzima ukacheka. Nawe ukacheka, ukainuka, ukamjibu, "Nani kachoka? Nafunga kamba ya kiatu!"

Ukarudi ndani. Hukutoka tena kwa miguu yako.

Viatu viliporudi nyumbani, kamba zilikuwa na mafundo yangu vile vile. Hukuzigusa. Nilitumia meno kuyafungua.

Bakari alilia matangani kuliko ndugu zako. Siku hizi akipita hapa dukani anatazama chini. Sijamwambia neno, na usiniombe nimsamehe. Bado sijaweza.

Sasa natembea kila asubuhi, kama nilivyoambiwa. Mwisho wangu ni kwa fundi wa baiskeli, hata nusu ya njia ya kuja kwako haijafika. Watu wananiambia hongera, mama, unarudisha nguvu. Nguvu za nini? Zimeniletea njaa tu, na sina wa kula naye. Natoka, narudi, nafungua mlango, nyumba ni ile ile. Usidhani kutembea kumenipoza. Mguu unapona. Mimi hapana.

Leo asubuhi pumzi ilinipungua kabla hata ya kufika kwa fundi. Nikaketi juu ya jiwe kando ya njia. Wakapita wanawake wa sokoni, na yule Mwanamisi ambaye mdomo wake unaujua. "He! Mama Zuhura! Umeshachoka hapo tu? Wewe uliyekuwa ukitupita na beseni kichwani!" Wakaangua kicheko.

Nikamjibu, "Ndiyo. Nimechoka."

"Haya, pumzika, mwaya," akasema, na wakaenda zao wakizungumza bei ya nazi. Hawakufika hata kona, walikuwa wameshanisahau.

Nikabaki pale nikalitamka neno hilo tena, peke yangu, taratibu, kama mtu anayepima kitu kwenye mizani. Nimechoka. Halina uzito, mume wangu. Msumari wa inchi moja ni mzito kuliko hilo. Na wewe, uliyekuwa ukibeba mabati, hilo moja lilikushinda.

Mungu akupe kivuli huko, na maji uliyoyaomba. Ahadi yangu ni hii: nitakuja, lakini sitakuja mbio. Nikichoka njiani nitasema nimechoka, acheke atakayecheka, nitaketi, na nikishindwa nitarudi nyumbani nijaribu siku nyingine. Nikifika, nitasimama nje ya ukuta nikuite kwa jina.

Wewe kaa hapo hapo ulipo. Safari hii hakuna wa kukucheka ukainuka.

Mkeo,
Mama Zuhura