Radhi Yako Kabla Sijapanda Ndege

Mama yangu mpenzi,

Sasa hivi mjukuu wako Ilham kalala kifudifudi juu ya turubai, kanyanyua mikono na miguu, tumbo tu ndilo liko chini. Kaniambia, "Mama, mie naanguka, usinishike!" Kacheka mpaka kwikwi ikamshika. Nimecheka naye, kisha nikageukia ukuta nikafuta macho, maana mkao ule kauiga kwangu, na weye hujui kama mie ninao.

Assalaam alaykum, Mama. Goti lako sasa lakuruhusu kusujudu chini, au bado wasalia kitini? Dada Asha atakayekusomea barua hii namwomba asome polepole, asiruke mstari hata ukianza kulia. Sie wazima, alhamdulillahi, ila Ilham ana kikohozi kidogo, leo nimekuja naye kazini. Leo upepo mkali, ndege haikupaa, ndiyo nikapata nafasi ya kukaa hapa bandani niandike. Kwa simu nimejaribu mara tatu. Nikisikia sauti yako naishia kukuuliza habari za kuku.

Mama, nilikwambia kazi yangu kuno Kenya ni kukunja maparachuti ya watu wanaoruka kutoka kwenye ndege. Ni kweli, nakunja. Lakini naruka pia. Nimeruka mara mia na sita. Nisamehe.

Mara ya kwanza mwenye kazi alisema mkunjaji ajue anachokikunja, nikafungwa kifuani pa mwalimu wa kike. Nilisoma shahada mpaka ulimi ukakauka. Mlango ulipofunguliwa, rubani akanyoosha kidole kusini. "Kwenu kule." Pemba, Mama. Kijani, ndogo, ningeweza kuifunika kwa kiganja. Nikasema, pale Kengeja Mama anamenya muhogo, wala hajui namtizama. Ndiyo nikarudi tena juu, na tena. Si ushujaa. Tangu Hamadi aniandikie talaka akaenda zake, sina mtu kuno wa kuniuliza nimekula nini. Idd hii tulikula pilau wawili, mie na Ilham, na sahani ya tatu nikaiweka tu, sijui nilimwekea nani. Watu wema, lakini nikifungua mdomo wanaicheka lafudhi yangu, na Ilham keshaanza kusema kama wao.

Sasa wanataka niwe kocha. Wanafunzi wengine siku hizi ni wasichana wa hapa hapa, Kizungu kinawapita kama kinavyonipita mie, wanataka wa kuwaelekeza kwa Kiswahili. Kocha hafungwi na mwanafunzi. Anamkagua chini, mkanda kwa mkanda, kisha wanaruka pamoja, kila mtu na parachuti lake, akawa ubavuni mwake anamwonyesha kwa mkono. Kozi inaanza Jumatatu. Kitabu chake ni cha Kizungu, lakini jirani yangu Mama Kadzo, anayenishikia Ilham nikiwa kazini, ana binti wa sekondari ananitafsiria, mie naandika kwenye daftari. Hayo nayaweza. Lililonishinda ni jingine.

Juzi tulifanya mazoezi. Mzee Karisa, mwanajeshi mstaafu ambaye ndiye atakayetupima, akajifanya mwanafunzi. Ana mvi kama za Babu. Akavaa, akaja kusimama mbele yangu.

"Mimi leo sijui kitu, bibi. Nimevaa sawa?"

Mkanda wa kifua haukupita kwenye chuma chake. Niliuona, wallahi. Lakini weye ndiye uliyenilea. Kwetu mkubwa haambiwi kakosea. Siku ile Babu alipodhani sukari ni chumvi akaimwaga kwenye mchuzi wa muhogo, tulikula wote kimya, na weye ukamwuliza kama aongezwe. Basi nikainamisha macho nikasema, "Umependeza, mzee wangu."

Akavua miwani. "Nimependeza? Basi nitafutie na sanda ya kupendezea."

Banda zima likacheka. Rehema, mkunjaji mwenzangu, akadakia, "Wapemba na adabu zenu! Mtu anazama, nyinyi mwampa shikamoo!"

Mzee Karisa hakucheka. Akaniambia taratibu, "Adabu yako hiyo, mke wangu ndiye atakayekuja kuililia."

Neno hilo bado linanichoma. Nikaona, nitamwambiaje mkubwa mwingine ukweli, na mkubwa wangu wa kwanza nimemficha miaka miwili? Ndiyo barua hii. Nakuomba msamaha, na nakuomba radhi ya Jumatatu. Bila radhi yako sipandi. Nimeshamwambia Mzee Karisa, kasema atangoja neno lako. Binamu Shaame kaja na jahazi, anapitia barua adhuhuri, kesho anavuka, na Ijumaa anarudi. Mpe jibu kwa mdomo. Ukisema hapana nitabaki chini nakunja, na sitonuna.

Usidhani nachezea roho yangu. Kila mtu anabeba maparachuti mawili, na lile la akiba hukunjwa na fundi mwenye cheti, si mie. Ilham namkumbuka kila mlango ukifunguliwa.

Nisalimie Babu, umwambie sauti yake ya adhana naikosa. Shangazi Bi Mize aliyenizalisha, mwambie Ilham keshajaa meno. Kaka Faki wa Madungu na mkewe, wape salamu, na Asha ajipe mwenyewe za kwake kwa kazi ya kusoma.

Ni mie mwanao, mwenye haja na dua zako,
Zuwena

Mama, jina nimeshatia lakini karatasi bado ina nafasi. Usinipe ndiyo ya kunionea huruma. Wala usinipe hapana kabla Asha hajakusomea tena pale nilipoiona Pemba. Nikifuzu nitapewa likizo, nimekwisha kuomba, nimlete Ilham akuone, alale kwako hata mwezi, ajifunze kusema kama sie. Nami nataka nikae jikoni nawe nikusimulie huko juu kulivyo kimya, maana hapa sina wa

Huyo Mzee Karisa ananiita, "Bi Zuwena, mwanafunzi wako anangoja!" Kasimama mlangoni kavaa tena, na kutoka hapa nilipo naona mkanda wa paja lake la kushoto unaning'inia. Mama, nisamehe, nanyanyuka kumwambia