Jivu la Susu

Jumamosi, 12 Oktoba

Usafi wa kabla ya mvua, siku ya pili. Nimekwangua mifereji ya paa: majani makavu, vumbi, kiota kitupu. Nimesugua tangi kwa ndani. Mimi ndiye mwembamba, kwa hivyo tangi ni langu kila mwaka. Mama anachoma mabua. Moshi, macho yanawasha. Nimebakiza kurasa kumi na nne za kitabu cha maktaba na sijaruhusiwa kuketi.

Mwisho, ghala. Nyuma ya magunia kulikuwa na kibuyu kimejaa jivu. Nikalimwaga chooni, kama tunavyofanya na jivu lote, lipunguze harufu. Nilipokigonga kibuyu, punje nne zikaanguka miguuni. Ndogo, nyekundu, zenye madoa meusi.

Kunde za Susu. Susu, yaani nyanya yangu, huweka mbegu kwenye jivu zisitobolewe na wadudu. Nilijua. Hata niliwahi kuandika hivyo kwenye mtihani wa Kilimo. Sikufikiri.

Jumapili, 13 Oktoba

Susu yuko kijiji cha Tulia, kwa dada yake. Anarudi Jumatano, tupande. Mbegu hizo alikuja nazo alipoolewa. Zinaiva hata mvua ikikatika mapema. Mwaka ambao mahindi yalikauka yote, tulikula hizo.

Nimekirudisha kibuyu mahali pake, kitupu. Kanisani sikuimba. Ninajichukia.

Jumatatu, 14 Oktoba

Mawingu tangu asubuhi. Kila mtu anafurahi isipokuwa mimi. Nimefagia uwanja mara mbili. Mama: "Wewe unatafuta nini kwa huo ufagio? Utatoboa ardhi."

Karibu nimwambie. Nikaenda kuosha tangi lililokwisha oshwa.

Jumanne, 15 Oktoba

Nilifikiria kununua kunde sokoni Tawa nizichanganye na jivu. Lakini za sokoni ni nyeupe, tena kubwa. Susu angejua kwa kuzigusa tu. Somo la Hisabati limepita bila mimi. Ngurumo mbali. Bado.

Jumatano, 16 Oktoba

Susu amefika. Hata chai hajanywa, akaomba kibuyu. Nimemwambia nikitazama viatu vyangu.

Alikwenda ghalani akachungulia kibuyu mwenyewe. Halafu: "Kumbe choo kimetutangulia kupanda."

Mama akacheka. Mimi nikalia.

"Ukimaliza kulia, kuna kikombe pale," Susu akasema. "Kesho uende kwa wale niliowapa mbegu. Nyumba tatu tu, hapa karibu. Na usiwaambie zililiwa na panya."

Huku kwetu anayeomba mbegu wakati wa kupanda hanyimwi. Lakini lazima aombe mwenyewe, kwa mdomo wake. Mimi, ambaye darasani huwa sinyooshi mkono.

Alhamisi, 17 Oktoba

Nilirudia maneno njia nzima kutoka shuleni. Nyumba ya kwanza, kwa Mama Mutheu, yote yalipotea, nikasema tu, "Nilizimwaga chooni." Alicheka mpaka akashika mlango. Akamwita mumewe aje asikie. "Na huyu ndiye anasoma Kilimo!" Nusu kikombe.

Nyumba ya pili hawakucheka. Walikuwa wamekwisha kupanda karibu zote. Mzee alikung'uta gunia, akanipa konzi moja ya mbegu, ya mwisho. Hiyo iliniuma zaidi.

Nyumba ya tatu habari zilinitangulia. "Ni wewe wa choo? Karibu, karibu, lakini hapa choo kimeshiba." Masikio yalikuwa moto. Nusu kikombe tena.

Susu alimimina chache kiganjani, akazigeuza kwa kidole gumba. Akaitikia kwa kichwa.

Jumamosi, 19 Oktoba

Jana tulipanda udongo ukiwa mkavu. Leo imenyesha. Maji ya kwanza ya paa tumeyaacha yamwagike na vumbi lake, kisha nikaelekeza mfereji kwenye tangi. Nimesikiliza likijaa.

Susu alikuwa ameacha konzi moja bila kupanda. Alinipa. Nikachekecha jivu la jikoni, nikazichanganya, nikaziba kibuyu. Nilitaka kuandika KUNDE kwa mkaa juu yake. Susu hajui kusoma. Nikauweka mkaa chini.

Kimerudi nyuma ya magunia. Kurasa kumi na nne bado. Sasa nitaketi.